Ngome Mbili za Morogoro

Msomaji mpenzi, huenda umekwisha kupita Morogoro mara nyingi kuliko unavyoweza kukumbuka. Mabasi yaendayo Dodoma, Iringa, Mbeya na Songea husimama Msamvu, abiria wakanyoosha miguu, wakanunua maji na ndizi, kisha safari ikaendelea. Ukichungulia dirishani unaiona milima ya Uluguru imesimama nyuma ya mji, kichwani imejifunga wingu kama mama aliyejifunga kitambaa cheupe. Unasema, "Ama kweli, mji kasoro bahari!" Basi limeondoka, na habari ya Morogoro imeishia hapo.

Mahali pengine mgeni akifika hupelekwa kuona ngome. Mombasa atapelekwa Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo tangu mwaka 1962 ni jumba la makumbusho. Iringa atapelekwa Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894, na ambako fuvu la kichwa chake lilirudishwa mwaka 1954. Kule India katika mji wa Jhansi iko ngome juu ya kilima, na watoto wa shule wanamjua vizuri malkia Lakshmibai aliyeilinda dhidi ya Waingereza, akafa vitani mwaka 1858 akiwa bado kijana. Nyimbo zipo, sanamu zipo, makumbusho yapo.

Je, unajua kwamba Morogoro nayo ilikuwa na ngome ya mawe, yenye minara na milango ya kuchonga? Na kwamba katika karne hiyohiyo ya 19 aliyekuja kuitawala alikuwa mwanamke?

Mimi nilikwenda Morogoro kwa semina ya akina mama. Siku hizi safari kutoka Dar es Salaam imekuwa nyepesi. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inakufikisha kwa muda usiozidi saa mbili, na mtoto mdogo hapati hata nafasi ya kulilia chakula. Semina ilipokwisha Ijumaa, mama aliyenipokea nyumbani kwake alisema, "Dada, huwezi kuondoka hujapanda mlimani." Jumamosi alfajiri tukatoka watu wanne: yeye, mimi, mjukuu wake wa kike aliye kidato cha pili, na kijana mmoja anayeijua njia.

Njia inapita karibu na majengo ya zamani ya Boma, halafu inaanza kupanda. Mwanzo ni barabara ya magari, na bodaboda zinapita zikilia kwa uzito wa mizigo. Baadaye unaona kuwa barabara yenyewe ni mawe na makorongo, na mguu ndio gari la kuaminika. Kila baada ya hatua chache tulipishana na akina mama wanaoshuka sokoni. Mmoja amejitwika tenga la maparachichi, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine magimbi, na ngata ya kanga kichwani, mgongoni mtoto amelala fofofo. Sisi tulikuwa tunahema na mikono mitupu. Wao walitusalimu wakicheka na kutupa pole.

Baada ya kupanda kwa zaidi ya saa mbili tukafika Morningside. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911, juu kabisa ya mashamba, karibu na ukingo wa msitu. Walioijenga walitafuta baridi kama ya kwao, na kwa kweli waliipata, maana mimi nilivaa sweta saa nne asubuhi! Nyumba imechakaa. Lakini aliyechagua mahali pale alikuwa na macho. Mji wote uko chini yako: paa za mabati zinameta, reli mbili, ya zamani na mpya, bwawa la Mindu upande mmoja, na mbele zaidi tambarare isiyo na mwisho. Nyuma yako kilele cha Lupanga, mita 2,138, kimo ndani ya mawingu.

Tukakaa kwenye majani, chai ya chupa ikamiminwa, na mama mwenyeji wangu akanionyesha kwa kidole mto unaoteremka kutoka mlimani na kupita mjini. Akasema, "Huko chini, kando ya mito yetu, ndiko alikokuwa Simbamwene."

Mjukuu akauliza, "Simbamwene ndiye nani, bibi?"

Bibi alijua jina, na habari mbili tatu. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo. Tukaanza kuunganisha, na hivi ndivyo habari zilivyo.

Kabla ya Wajerumani, kabla ya reli, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima hii. Alitokea mtu mmoja jina lake Kisabengo. Hakuzaliwa katika ukoo wa utawala. Alikuwa na nguvu za mwili, na ulimi wa kuvuta watu, akakusanya watumwa waliotoroka wakamfanya kiongozi wao. Sultani wa Zanzibar alikuwa akimtafuta, naye akakimbilia bara katika nchi ya Wakami, akapigana, akapata bonde zima lenye rutuba la mto Ngerengere. Hapo akajenga mji, akauita Simbamwene. Alipozeeka, jina la Kisabengo likiwa limechafuka, akalichukua jina la mji likawa lake. Na alipokaribia kufa aliagiza kwamba atakayekaa mahali pake ni binti yake mkubwa, akampa na jina. Kwa hiyo Simbamwene ni mji, ni baba, na ni binti.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Dk. Livingstone, na ndiye aliyeueleza mji huo kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata. Alikadiria nyumba zipatazo elfu moja, na watu kati ya elfu tatu na elfu tano. Mji ulikuwa wa pembe nne, umezungushiwa ukuta wa mawe wenye safu mbili za matundu ya kupitishia bunduki. Kila pembe ilikuwa na mnara. Milango ilikuwa minne, mmoja kila upande wa dunia, ya mbao ngumu iliyonakshiwa kama milango ya Unguja, naye akabaki akijiuliza kama ililetwa kutoka pwani ubao kwa ubao au ilichongwa na mafundi wa papo hapo. Nyumba ya mtawala ilikuwa na paa refu la mteremko na baraza mbele, kama za pwani. Stanley alikuwa amekwisha kusafiri Uajemi kwa farasi, na alikiri kwamba ukiacha miji mikubwa, kule hakuona mji wenye boma zuri kupita huu. Na hata ile mikubwa, kuta zake zilikuwa za udongo, za Simbamwene zilikuwa za mawe.

Binti alikuwa ameacha kunywa chai. "Hapa hapa Morogoro?" Ndiyo, hapa hapa.

Sasa, wapendwa, mtu anapopata habari kama hii hutamani kuipamba. Nisingependa tufanye hivyo. Ukuta wenye matundu ya bunduki safu mbili haujengwi kwa ajili ya uzuri. Kisabengo aliyekusanya watumwa waliotoroka ndiye huyohuyo aliyekuja kuogopwa na majirani, Wakwere, Wadoe na Wakami, kwa kuteka watu. Aliyewahi kuishi na waliokimbia minyororo akaigeuza minyororo kuwa biashara yake! Tukimpeleka mtoto kumwonyesha mahali pa ngome, tumwambie na hilo pia. Atakuwa na umri wa kutosha kulielewa kuliko tunavyodhani.

Na binti yake je? Habari zake tunazozisoma zimeandikwa na mtu waliyegombana naye kuhusu kodi. Desturi ya njia ile ilikuwa kwamba msafara ukipita katika nchi ya mtu unatoa hongo, yaani ushuru wa njia. Simbamwene alituma wajumbe kuudai. Stanley akajibu kwamba kikundi chake kilichotangulia kilishalipa, hatalipa mara ya pili. Baadaye aliporudisha watu wake kumtafuta mpishi aliyepotea, Simbamwene aliwakamata, akawafunga, mpaka mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alipoingilia kati wakaachiwa. Katika kitabu, bila shaka, mwenye makosa ni yule mwanamke. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza ingesomekaje kama kalamu ingekuwa mkononi mwa mwenye ushuru. Mjane yeyote aliyewahi kudai haki yake kwa mtu mwenye sauti kubwa atanielewa.

Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Zanzibar, kikang'oa mikarafuu na kuvunja majahazi. Mvua ya tufani hiyo ilifika hadi Uluguru. Stanley aliporudi kuelekea pwani miezi ileile alikuta mto umefurika na kuubomoa ukuta wote wa mbele wa mji ule, pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Mto ambao Kisabengo aliuchagua upite chini ya ukuta wake ndio uliokuja kuuchukua. Maji yenyewe yalitoka huku juu tulikokuwa tumekaa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo walifika na kuanzisha misheni miaka ya 1880. Wajerumani wakaja na utawala wao. Kingo, wa ukoo huohuo wa Simbamwene, alikuwa mkuu hapa wakati wao, na jina lake limebaki kwenye kata moja ya mjini. Reli ikafika mwaka 1907. Mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza yakauchukua mji katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakarudi nyuma kwa kuizunguka milima.

"Twende basi tukauone ukuta," akasema mjukuu.

"Hakuna ukuta, mwanangu," bibi yake akamjibu. "Hakuna cha kwenda kugusa."

Wakati wa kushuka tulipumzika penye shamba la mama mmoja mzee aliyekuwa akipalilia maharage kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mimi nisingethubutu kusimama wima. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, mwatoka wapi?" Akatukaribisha kivulini, akatupa mapera. Mama mwenyeji wangu, ambaye ni mwenyeji wa mlima kwa upande wa mama yake, akaanza naye mazungumzo, mara Kiluguru mara Kiswahili.

Nikamwuliza, "Bibi, shamba hili ni la mzee?"

Akacheka mpaka akaweka jembe chini. "La mzee gani? Hili la ukoo. La mama yangu, na la mama yake."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hufuata ukoo huo. Mjomba ndiye mwenye sauti katika kuigawa, lakini njia inayopitia ni tumbo la mama. Ni jambo ambalo akina mama wengi wa makabila mengine, walionyang'anywa hata sufuria siku ya msiba, watalisikia kwa mshangao. Sisemi kwamba huku hakuna ugomvi wa mirathi. Upo. Lakini mwanamke wa Kiluguru anapoanza kudai, haanzii chini kabisa.

Nikamwuliza tena kama aliwahi kusikia habari za Kisabengo. Hakulijua jina. Alilolijua ni kwamba bibi zake walikuwa wakisema huku juu walipanda watu waliokimbia, maana chini kulikuwa na njaa na kulikuwa na wanaoteka watu. Hilo halipingani na wanahistoria, ambao wanasema koo nyingi za Waluguru zilitoka sehemu mbalimbali zikakimbilia milimani kutafuta usalama. Hapo ndipo niliponyanyua macho nikaitazama milima kwa namna nyingine. Kumbe ngome zilikuwa mbili! Moja ya mawe, tambarare, yenye milango minne na bunduki. Nyingine hii hapa, mlima wenyewe, ambao kuta zake ni mabonde na ukungu, na waliokuwa ndani yake walikuwa wakijificha dhidi ya watu wa aina ya yule wa kule chini.

Ile ya kwanza ilikwenda na maji. Hii ya pili bado ina watu ndani.

Lakini nayo inabomoka. Bibi alituonyesha viwanja kando ya njia vilivyouzwa na vijana wa koo kwa watu wa mjini. "Wanauza mgongo wa mama yao," alisema, wala hakucheka mara hii. Udongo ukiachwa uchi kwenye mteremko ule, mvua ya masika inaukokota wote hadi mtoni, na mto hadi bwawani. Serikali ya Kiingereza iliwahi kulazimisha watu walime matuta kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, mazao hayakuongezeka, na mwaka 1955 wananchi walikataa katakata kukawa na ghasia. Amri peke yake haikusaidia. Msitu wa juu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, ndani yake wamo ndege na maua yasiyopatikana popote pengine duniani. Na wewe msomaji uliye Dar es Salaam, usidhani haya hayakuhusu. Maji ya mto Ruvu unayochemshia chai yanaanzia kwenye milima hii.

Kwa wanaotaka kwenda, nina maneno machache. Ondokeni mapema, kabla jua halijapata nguvu. Vaeni viatu vya kamba vyenye nyayo za kushika, si ndala, na kila mmoja abebe maji yake, sweta na chakula kidogo. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia ni utelezi mtupu. Afadhali Juni hadi Septemba. Tafuteni kijana mwenyeji awaongoze, naye alipwe vizuri. Wanaotaka kupita Morningside na kuingia msituni hadi Lupanga wafike kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu mjini wakalipie kibali, na wajue kwamba huko ni kwa wenye magoti mazima. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wanafika Morningside bila taabu, tena watawatangulia. Mkishuka piteni Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililopewa jina la watawala wa mlimani waliokuwa wakiombwa mvua, mkanunue mboga kwa wale akina mama mliopishana nao asubuhi. Msiwapunguzie bei. Mmekwisha kuiona njia.

Tulifika mjini saa tisa, miguu inatetemeka. Mjukuu alitaka tusimame darajani. Mto Morogoro ulikuwa mwembamba siku ile, mawe yanaonekana, watoto wanafua nguo za shule. Akayatazama mawe yale kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Na ile milango minne ilikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, wala bibi yake. Lakini wao wana jumuiya ya akina mama inayokutana kila Alhamisi, na wiki iliyofuata mama mwenyeji wangu alilipeleka swali hilo huko. Walikubaliana watafute wazee wa koo za zamani mjini waulizwe wanayoyakumbuka, wangali hai, na mjukuu ndiye aandike. Amekwisha kwenda kwa wazee wawili. Wa kwanza alimweleza habari za Kingo. Wa pili, bibi kizee wa miaka zaidi ya tisini, alimwambia arudi Jumapili mchana baada ya chakula, tena aje na daftari jingine, kwa sababu lile alilokuja nalo ni dogo.